Wapenzi wawili waliokwama Mirihi

Ndugu, umeuliza namna ya kuwafanya wanaanga wawili wa hadithi yako, wanaume waliokwama Mirihi, wapendane bila msomaji kuhisi kwamba wamesukumwa na upweke tu. Ningeanzia kwenye sayari yenyewe: ujumbe wa redio huchukua takriban dakika 3 hadi 22 kufika Duniani, na nafasi nzuri ya kurusha chombo cha kuwaokoa hupatikana kila baada ya miezi 26 hivi, kwa hiyo muda wa kuzoeana, kukwaruzana na kupatana wanao tele. Mmoja amzibie mwenzake glavu iliyotoboka, kimyakimya, wakati wakisubiri jibu. Busu lisubiri (waandishi wengi hulikimbilia mno) mpaka kije chombo chenye nafasi ya mtu mmoja, na mmoja wao agome kupanda.