Kadi ya Mgeni katika China ya Kifalme: Ilipiga Hodi, Haikukabidhiwa Mkononi

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Kikundi chetu cha maigizo hapa Dodoma kinaandaa igizo linalotokea Beijing katika karne ya 19, chini ya utawala wa Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China. Kijana aliyefaulu mtihani wa serikali anakwenda kwa mara ya kwanza kumwamkia mzee aliyesimamia mtihani wake. Mwalimu wa semina ya adabu za Kichina ametuelekeza hivi: kijana aingie sebuleni, ainame, atoe kadi kwa mikono miwili, na mzee aipokee kwa mikono miwili. Tumenunua mtandaoni kadi ndogo nyekundu zenye joka la dhahabu, jina na cheo. Muuzaji anasema kadi za namna hii zilibuniwa China karne ya 15. Je, tuko sawa? Na maandishi yaweje?

JIBU: Marahaba. Hamko sawa, na lililoharibika zaidi si kadi, ni lile tukio la sebuleni. Liondoeni lote. Kijana anapofika sebuleni, kadi yake imekwisha kufanya kazi yake, na mwenye nyumba ameshaisoma, ameshaamua na ameshavaa.

Swali hili huja kila mara likiwa na kosa lilelile ndani yake: watu huchukua kadi ya biashara ya leo, huipaka rangi nyekundu, kisha huirudisha nyuma miaka mia kadhaa. Kadi ya China ya kifalme ilikuwa hodi. Ilitangulia, mtu akabaki nje. Nani abishe hodi akiwa amekwisha kukaa kitini?

Tazameni ushahidi wa zamani kabisa. Wanahistoria wa enzi ya Han, ukoo uliotawala China kama miaka elfu mbili iliyopita, wanasimulia kwamba Liu Bang, mwanzilishi wa ukoo huo, kabla hajawa mfalme alikwenda kwenye karamu ya Bwana Lü katika mji wa Pei. Mgeni ambaye zawadi yake haikufika sarafu 1,000 alikalishwa chini, nje ya ukumbi. Liu Bang hakuwa na hata sarafu moja, lakini aliandika kwenye kibao chake “sarafu 10,000” na kukipeleka ndani. Kibao kiliingia, Bwana Lü akashtuka, akainuka na kumfuata mgeni mlangoni. Mpango mzima wa ziara umo humo: maandishi ndani, mtu nje, uamuzi katikati.

Kibao hicho kiliitwa ye. Mwaka 1993, huko Yinwan mkoani Jiangsu, wachimbaji walifungua kaburi la Shi Rao, ofisa wa jimbo la Donghai aliyezikwa mwishoni mwa Han ya Magharibi, yaani nusu ya kwanza ya enzi ya Han, karibu miaka 10 kabla ya Kristo. Ndani yake zilikuwamo ye za mbao, kila moja urefu wa kama sentimita 23 na upana wa kama 7. Baadhi zinasema waziwazi kwamba aliyeandika amemtuma karani kuibeba ye na kutoa salamu kwa niaba yake. Yaani miaka elfu mbili iliyopita kadi ilikwisha kupita mikononi mwa mtu wa tatu.

Baadaye kibao kilipungua upana, kikaitwa ci. Katika kaburi la jemadari Zhu Ran, aliyefariki mwaka 249, lililofunguliwa Ma’anshan mwaka 1984, zilipatikana ci 14, kila moja urefu wa sentimita 24.8 na upana wa 3.4. Zinataja jina lake, zinasema “nasalimu mara mbili, naulizia hali yako”, kisha zinataja jina lake la heshima, Yifeng. Karatasi iliposhika nafasi ya mbao, neno ci halikufa, na ndiyo maana mtu wa Qing bado alisema “kurusha ci” ilhali mkononi mwa mtumishi wake mlikuwa na karatasi. Hiyo karne ya 15 ya muuzaji wenu imechelewa kwa zaidi ya miaka 1,400.

Sasa jukwaa lenu. Kijana afike kwa kiti cha kubebwa mabegani, nacho kisimame nje ya lango. Kama hamna kiti, basi afike kwa miguu na asimame nje. Anayesogea langoni ni mtumishi wake. Mtumishi afungue kisanduku bapa cha kadi, atoe kadi, aiinue juu ili ionekane, ampe bawabu. Bawabu aipeleke ndani akiwa ameiinua vilevile, kwa sababu anayebeba jina la mtu anambeba mtu mwenyewe. Mpeni mwigizaji wa bawabu muda hapo, asikimbie. Mwenye nyumba anahitaji muda huo: kadi inamwambia ni nani yuko nje, wa daraja gani na ana uhusiano gani naye, naye kwa hayo anaamua kama avae joho na kofia rasmi na atoke hadi wapi kumlaki mgeni.

Kuna kitu kingine langoni ambacho waandishi wa maigizo hukisahau: menbao, bahasha ya pesa kwa bawabu. Mkubwa anapotembelewa na mdogo, bawabu asiyeona bahasha angeweza kuikalia kadi mchana kutwa, au kusema bwana hayupo. Kijana wenu, tena anayekuja mara ya kwanza kwa msimamizi wa mtihani, asiende bila bahasha hiyo, na bahasha ya pili iwe ya heshima kwa mzee mwenyewe. Mkitaka mvutano katika tukio, upo hapo langoni.

Jibu kutoka ndani ni moja kati ya mawili. La kwanza ni qing (si jina la ule utawala), neno linalofanya kazi ya “karibu” yetu. La pili ni dangjia, maana yake “simamisha gari”: mwenye nyumba hathubutu kumsumbua mgeni hata ashuke. Wageni wengi wa kutoka nje walilichukua jibu hili kuwa ni kufukuzwa. Sivyo. Kadi imepokewa, ziara imehesabika, deni la kurudisha ziara limeandikwa. Matteo Ricci, padri Mwitalia aliyefariki Beijing mwaka 1610, alieleza kwamba bawabu aliweka orodha ya waliofika na wanakoishi, ili bwana wake arudishe ziara ndani ya siku tatu.

Kadi nayo yaweza kurudishwa, na hapa waigizaji huonyesha hasira pasipo hasira. Mtu alipojishusha mno kwenye kadi yake, au alipokuwa mkubwa kuliko aliyetembelewa, mpokeaji aliirudisha pamoja na neno bi. Bi ni kito cha duara cha jiwe la jade, na neno hilo linakumbusha kisa cha Lin Xiangru wa karne ya 3 kabla ya Kristo, aliyekirudisha kito cha nchi yake ya Zhao salama bila ufa. Kurudisha kadi kwa neno bi ni kusema: heshima hii ni kubwa mno, sistahili kubaki nayo.

Kuhusu kadi yenyewe, hizo mlizonunua wekeni pembeni. Joka ni alama ya mfalme, na ofisa mdogo hakuwa na ruhusa ya kulichezea. Dhahabu haina kazi pale. Kadi ya kawaida ya miaka ya mwisho ya Qing ilikuwa kipande cha karatasi laini nyekundu, kikubwa kuliko mnavyodhani: urefu wa sentimita 20 hadi 25, upana wa 10 hadi 13. Katikati palisimama jina kwa wino mweusi, kutoka juu kwenda chini, ukoo kwanza na jina baadaye. Cheo hakikuandikwa, wala kazi, wala sifa. Anwani, kama ilikuwapo, ilikaa nyuma kwa herufi ndogo.

Lakini hiyo ni kadi ya mtu na mwenzake. Kijana wenu anakwenda kwa mkubwa, kwa hiyo atumie shouben, kijitabu cha karatasi ya kukunjwa kama feni. Tangu mwisho wa enzi ya mfalme Wanli, iliyokwisha mwaka 1620, kijitabu hicho kilikuwa na mikunjo sita na majalada mawili: ya buluu kwa ofisa mdogo anayekwenda kwa mkuu wake, na ya hariri nyekundu kwa aliyefaulu mtihani anayekwenda mara ya kwanza kwa msimamizi wake. Tengenezeni hicho cha hariri nyekundu. Karatasi ya ndani ikatwe ukanda mmoja mrefu, ikunjwe sawasawa, na jalada libandikwe mbele na nyuma tu, la sivyo haitafunguka jukwaani.

Maandishi yawe madogo. Ukubwa wa herufi ulikuwa lugha: wasomi wa Hanlin, chuo cha wasomi wa mfalme, walijulikana kwa majina yaliyojaza karatasi, na mdogo aliyeandika makubwa mbele ya mkubwa alijitangaza kuwa hana adabu. Mwanzo liwe neno mensheng, yaani “mwanafunzi wa mlango wako”, kisha jina. Neno hilo dogo kabla ya jina ndilo lililobeba uzito wote, na ndipo watu walipoumbuka. Kijana akimwamkia mzee alijiita wansheng, “aliyezaliwa nyuma”. Mwananchi akimwandikia hakimu wa wilaya yake aliongeza zhi, “ninayetawaliwa nawe”. Waliofaulu mtihani mwaka mmoja walikuwa na neno lao, na walioungana kwa ndoa lao. Ukikosea neno, umejipa undugu usio wako. Serikali yenyewe ilijali hayo: mwaka 1660 ilipiga marufuku kuandika “wa chama kimoja” au “wa kiapo kimoja” kwenye kadi, kwa kuogopa vikundi vya wasomi.

Kijana asiwe na msiba. Aliyefiwa na mzazi alikuwa katika matanga ya miezi 27, na wakati huo nyekundu iliondoka: kadi ilikuwa nyeupe, au ilibeba pembeni ya jina herufi ndogo zhi ya matanga, ambayo si zhi ile ya kutawaliwa.

Mkifika sebuleni, kadi haionekani tena. Chai inaletwa na haiguswi ovyo, kwa maana mwenye nyumba akiinua kikombe, watumishi wanaita kwa sauti kwamba mgeni anaondoka. Mwalimu wa semina angewafundisha kikombe hicho ingekuwa afadhali.

Nisieleweke vibaya kuhusu mikono miwili. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Nairobi anayekwenda Guangzhou au Yiwu kununua bidhaa, atoe kadi yake kwa mikono miwili na aisome ya mwenzake kabla ya kuiweka. Ni adabu ya leo, na inaheshimika. Ninachokataa ni kuiuza kwa ada ya semina kama “siri ya maofisa wa kale”. Kadi ndogo ya kukabidhiana mkononi, yenye cheo na anwani mbele, iliingia China kupitia bandari kama Shanghai, ambako Wachina na watu wa Ulaya walifanya biashara pamoja. Anayefundisha kwamba ofisa wa Qing aliikabidhi kwa mikono yake anafundisha kitu ambacho ofisa huyo angekiona ni kujidhalilisha: kufanya kazi ya mtumishi wake.

Vilevile wapo wanaosema kwamba zamani kadi ilikuwa na utu, siku hizi ni karatasi tu. Hawajasoma. Tangu enzi ya Song (karne ya 10 hadi ya 13) watu walituma watumishi mwaka mpya kusambaza kadi nyumba hadi nyumba bila wao kutoka kitandani. Zhou Mi, mwandishi wa karne ya 13, anasimulia juu ya mjomba wake Wu aliyekosa mtumishi siku ya sikukuu. Mtumishi wa rafiki yake Shen alipopita na fungu la kadi, Wu aliona kwamba majina ya waandikiwa ni ya jamaa wanaojuana naye pia. Akamnywesha pombe mtumishi yule, akabadilisha kadi zote kwa siri, na Shen akajikuta amemlipia Wu salamu za mji mzima. Mchoraji Wen Zhengming wa Suzhou, aliyefariki mwaka 1559, aliandika shairi la mwaka mpya akisema hakuna anayetaka kuonana, kadi tu zimejaa kibandani kwake tangu asubuhi, naye pia amerusha zake chache kama wengine.

Na kadi haikuwa salama kama picha za mitandaoni zinavyoonyesha. Kadi ya mkubwa ikifika kwa hakimu pamoja na ombi la mdomo, mtu angeweza kukamatwa au kuachiliwa. Ndiyo sababu kadi nyingi za mwisho wa Qing zina mhuri mdogo nyuma unaosema kwamba ni ya kuacha jina katika ziara na haitumiki kwa jambo lingine. Mkitaka kujua kama mnauziwa kadi ya kale ya kweli, anzeni hapo nyuma, kisha tazameni maandishi kwa lenzi ya kukuza. Wino uliochapwa kwa kibao cha mbao kilichochongwa herufi hukaa kama doa moja lenye kingo zisizo sawa. Mkiona vinukta vidogo vilivyopangwa kwa mistari, ni mashine ya kuchapia ya leo. Msiifute kwa kitambaa chenye maji mkidhani mnaisafisha, maana rangi nyekundu ya karatasi hiyo huchuja.

Kwa igizo lenu, kijitabu kimoja cha hariri nyekundu na kisanduku cha mbao vinatosha. Mkaririsheni bawabu zaidi ya kijana.