Yaya Mwalimu Anajibu: Egzamen ya Kiingereza ya Wachina, Masikio ya Bukavu

Mwezi huu barua zimekuja nyingi juu ya Kiingereza na China, sijui nini kimewapata wasomaji wetu, labda ni hizi bursi watu wanazitafuta kila kona. Nimechukua nne, zingine zingoje.

SWALI

Yaya Mwalimu, jambo. Mimi ni asista wa Kiingereza kwenye instituti moja hapa Bukavu, promosyo ya kwanza iko na wanafunzi 80 na kitu, oditwari moja, bafle moja. Kupima kusikiliza kwangu ni shida kila mwaka, mwisho napima grama peke yake juu ndiyo rahisi kusahihisha. Sasa rafiki mwenye alisoma China amenitumia mitihani yao ya zamani ya chuo pamoja na odio zake, na kwa kweli ni kazi safi. Nikiwapitishia wanafunzi wangu ile ile, kote (alama) zao zitanionyesha kama wako sawa na Wachina? Na kule kusoma na kusikiliza vinapewa uzito gani?
Asista, Nguba

JIBU

Asista wangu, jambo sana. Hiyo mitihani bila shaka ni ya CET (College English Test, mtihani wa Kiingereza wa vyuo vya China), daraja la 4 ama la 6, maana ndiyo inajulikana na kila mwanafunzi wa chuo kule, awe wa sheria, wa kilimo ama wa injinia (wenye kusoma Kiingereza chenyewe wana yao ingine). Daraja la 4 lilianza 1987, la 6 likafuata 1989, unafanywa Juni na Desemba, na wanaoukaa wanapita milioni 10 kwa mwaka. Hiyo namba ishike vizuri juu inaeleza mengi. Nani atakaa asikilize watu milioni 10 wakiongea mmoja mmoja? Kwa hiyo sehemu kubwa ni kuchagua A, B, C, D, mwanafunzi anapaka kalamu ya risasi kwenye karatasi ya majibu, mashine inasoma, basi.

Uzito uko hivi: jumla ni 710, kusikiliza 35%, kusoma 35%, kuandika 15% na kutafsiri 15%. Yaani pointi 7 kati ya 10 zinatoka kwenye sikio na jicho. Haikuwa hivyo tangu mwanzo, kabla ya mageuzi ya 2005 jumla ilikuwa 100 na kusikiliza kulikuwa 20% tu, wakaona vijana wanamaliza chuo wanasoma kitabu kizima lakini mzungu akifungua mdomo wanapotea, ndio wakapandisha.

Sasa swali lako la kwanza. Hapana, hazitakuonyesha. Na sababu ziko tatu, ya kwanza ni fupi: ile 710 haihesabiwi kwa kuongeza majibu ya kweli tu, alama za mtu zinalinganishwa na kundi la wanafunzi wa kule lenye waliliweka kuwa kipimo, wastani wa hilo kundi ukapewa 500. Wewe hapa Nguba utahesabu majibu ya kweli kwa mkono, utapata 14 kwa 25, 18 kwa 25, na hautakuwa na njia ya kuigeuza iwe 500 ama 425. Ile 425 yenyewe unasikia watu wanaisema "kupita", kiofisi tangu 2005 wanatoa karatasi ya alama tu bila kusema umepita ama umeanguka, ila bila 425 ya daraja la 4 haukubaliwi kujiandikisha kwa la 6, na wakubwa wa kazi wanaiulizia, kwa hiyo mtaani imekuwa ndiyo mstari.

Sababu ya pili ndiyo yenye naipenda na sioni watu wakiiongelea. Ni Kifaransa. Mtoto wa Bukavu amesoma Kifaransa tangu primeri, ukimwekea ukurasa wa Kiingereza wenye 'government', 'situation', 'environment', 'important', jicho lake linapita bila kugonga mahali, hata kama Kiingereza chake ni cha miezi sita. Mchina hana hiyo zawadi, kila neno kati ya hayo alilikariri kutoka zero. Kwa hiyo kwenye kusoma, wanafunzi wako watapata kote nzuri ambazo nusu yake ni ya mwalimu wa Kifaransa, si yako. Alafu geuza upande: waache wasikie yale yale kwenye bafle. 'Comfortable' kwenye karatasi kila mtu anaijua, kwenye mdomo wa Mwingereza katikati imemezwa yote, inabaki kitu cha silabi tatu chenye hawajawahi kukisikia, na 'government' vilevile. Wale wale wenye walipata 16 kwa 20 kwenye kusoma utawaona wanapata 6 kwenye kusikiliza, na utafikiri ni uvivu.

Na bado kuna kitu ndani yake. Mtu anayetunga mtihani wa kuchagua, majibu yale matatu ya uongo hayatungi ovyo, anayatunga kulingana na makosa anayoyajua ya wanafunzi wake. Ya Mchina ni ya Mchina. Wako wataanguka kwengine kabisa, watasoma 'library' wakafikiri ni librairie, mahali pa kununua vitabu, watasoma 'actually' wakafikiri ni sasa hivi, na ule mtihani haujaweka mtego pale, kwa hiyo hautagundua kitu. Utapima makosa yenye hawafanyi na utaacha yenye wanafanya kila siku.

Sababu ya tatu ni ile bafle yako, samahani. Kule vyuo vingi vinarusha odio kwa FM ndani ya chuo, kila mwanafunzi anakuja na ekuteri zake zenye kushika redio, anaweka kwenye frekansi yenye wamepewa, kabla ya siku wanajaribisha, na wa benchi la nyuma anasikia sawasawa na wa mbele. Wewe na wanafunzi 80, bafle moja mbele, mvua ya Bukavu kwenye mabati, wale wa nyuma umewapima nini? Umewapima mahali pa kukaa.

Lakini usitupe ile kazi, kuna kitu ndani yake cha kuiba, tena kiibe kabisa. Angalia jinsi sehemu ya kusikiliza ya daraja la 4 imejengwa: habari fupi 3 zenye maswali 7, mazungumzo marefu 2 yenye maswali 8, vifungu 3 vyenye kusomwa kwa sauti vyenye maswali 10, jumla 25, na yale 10 ya mwisho kila moja inabeba mara mbili ya yale ya mwanzo. Odio inapita mara moja tu. Na swali lenyewe halikuandikwa kwenye karatasi! Linasikiwa, baada ya odio, kwenye karatasi kuko majibu manne peke yake. Hapo njo ufundi uko. Wengi wetu hapa tunaandika maswali yote kwenye ubao alafu tunacheza odio, na mwanafunzi mwenye anasoma vizuri anajibu kwa jicho, sikio lilikuwa limelala. (Wachina nao wamepata dawa ya hiyo, wakati maelezo ya mwanzo yanasomwa wao wanakimbia kuangalia yale majibu manne wanakisia mada, walimu wao wanawafundisha hivyo waziwazi, hata mimi ningefundisha.)

Kwa hiyo tunga yako. Chukua sauti ya mtu wa kweli, muombe mwenzako mwenye anaongea Kiingereza vizuri aseme kwenye telefone, kama una mtu wa Uganda ama wa Kenya ni sawa tu, hizo njo sauti wanafunzi wako watakutana nazo maishani kuliko za London. Mfano: mwanaume anamwambia dada yake kwamba alitaka kupanda bato ya Jumamosi ya kwenda Goma, ilikuwa imejaa, wakamwambia aje Jumapili lakini Jumapili ana ndoa ya rafiki, basi atapanda ya Jumatatu. Swali linasikiwa: atasafiri lini? Kwenye karatasi weka Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Mwenye anashika neno la kwanza lenye ametambua atapaka Jumamosi, mwenye alifuata nusu atapaka Jumapili, na Ijumaa yenye haikutajwa atapaka mwenye hakusikia kitu kabisa. Ukihesabu waliopaka nini unajua kila mmoja aliishia wapi, na hiyo kwangu ni faida kuliko kote yenyewe.

Mambo mawili ya kumaliza. Kwa majibu manne, mtu mwenye hajui kitu anapata robo kwa bahati, yaani kwa maswali 20 anapata kama 5, kwa hiyo 7 kwa 20 isikufurahishe. Na ile oditwari igawe mara mbili ama tatu, kundi moja likae karibu na bafle wengine wangoje kwengine bila telefone, andaa odio mbili tofauti ili wa kwanza wasiwapashe wa pili. Inachosha, najua. Umeme ukikatika katikati, ile sehemu ifute na usiirudie, juu wakisikia mara ya pili umeshabadilisha mtihani.

SWALI

Jambo Yaya. Mtoto wangu yuko China anasoma udaktari kwa Kiingereza. Ananiambia Wachina wa kwenye dortwari wamepita mtihani mkubwa wa Kiingereza lakini akiwaongelesha wanacheka na kukimbia. Mimi nafikiri anatafuta sababu ya kutokuwa na marafiki. Ni kweli?
Mama wa Panzi

JIBU

Mama, jambo, na pole kwa kumkosa mtoto. Hadanganyi. Kule kuongea kuko mtihani wake peke yake, ulianza 1999, anafanya mwenye anataka na haiingii kwenye ile 710. Mtu anajiandaa kwa kitu chenye kinahesabiwa, ndiyo binadamu. Hata mtihani wao wa kuingia chuo, ule wa Juni, Kiingereza ni 150 na kusikiliza mahali pengi ni 30 tu, kubaki ni kusoma na kuandika. Kijana amekula Kiingereza cha karatasi miaka na miaka, alafu anakuja Mkongomani mrefu kwenye koridoo na "hello my friend", kwa nini asikimbie?

Na tusiwacheke sana. Exetat yetu, ule mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, iko na itemu za Kiingereza, mtoto anachagua 1, 2, 3, 4, 5 na hakuna hata sekunde moja ya kusikiliza. Mwambie mwanao awaandikie ujumbe kwanza kwa Kiingereza kwenye telefone, kwa kuandika watamjibu vizuri hadi ashangae, na kuongea kutakuja nyuma polepole.

SWALI

Yaya, mimi naomba bursi, wananiomba HSK 4. Ni kama ile CET ila kwa Kichina? Nijiandae kwa kusikiliza ama kwa kusoma?
Kijana wa Bagira

JIBU

Inafanana, ndiyo, kusikiliza na kusoma ndivyo vinabeba. Kwa ule muundo wa madaraja 6 wenye umezoeleka, HSK 4 iko na maswali 100: 45 ya kusikiliza, 40 ya kusoma, 15 ya kuandika. Jumla 300, ukipata 180 umepita. Lakini angalia hapa, mdogo wangu: kila sehemu ni 100. Yale maswali 15 ya kuandika yana uzito sawa na 45 ya kusikiliza! Vijana wengi wanaacha kuandika kwa sababu ni machache, wanapoteza hapo. Na jua kwamba kwa HSK 3 odio inapita mara mbili, kwa HSK 4 mara moja, kwa hiyo nyumbani ujizoeze kutorudisha nyuma. Ukirudisha unajidanganya.

SWALI

Yaya Mwalimu, nimeona kwenye mtihani wa Wachina kifungu chenye nafasi 10 na juu yake maneno 15 ya kuchagua. Nilipoteza nusu saa pale. Kuko ujanja?
Mwanafunzi wa Kadutu

JIBU

Kuko, hiyo ni ile ile CET. Usisome kifungu kwanza. Chukua yale maneno 15 uyagawe pembeni, majina huku, vitendo huku, sifa huku, alafu kwa kila nafasi uliza inataka aina gani, mara nyingi unabaki na mawili ama matatu ya kupigana. Neno ukilitumia likate, halirudi. Lakini mdogo wangu, nusu saa? Zile nafasi zote 10 ni 5% tu ya mtihani, ile sehemu ya kutafuta sentensi iko kwenye paragrafu gani ni 10%, na vile vifungu viwili vya mwisho vyenye maswali matano matano ni 20%, na kusoma kote umepewa dakika 40. Anzia mwisho, nafasi 10 zijaze na dakika zenye zimebaki.