Madesa ya OS situmi, ila soma hapa

Juzi kijana mmoja wa hapa hapa Tanga, yuko mwaka wa pili chuo, kanitumia ujumbe: "Shikamoo dada. Nasikia OS ulipata A. Naomba madesa yote uliyonayo, hata folda nzima, UE inakaribia." (OS ni somo la mifumo endeshi, yaani programu kuu zinazoendesha kompyuta au simu; UE ni mtihani wa mwisho wa semesta.) Nikaitikia marahaba, nikamuuliza folda aliyonayo sasa ina nini. Akanipigia picha ya skrini. Silaidi za vyuo vitatu, kitabu kimoja kwa matoleo matatu, pastipepa, yaani mitihani ya miaka iliyopita, na video za walimu wa India zimejaa hadi simu inalia. Nikamuuliza, umefungua kipi? Akajibu kwa vikaragosi vya kucheka.

Mdogo wangu, huko ni kununua nazi mkokoteni mzima wakati mbuzi ya kukunia huna.

Sasa nieleze yangu, maana watu wanaiona hiyo A wanadhani nilikuwa na siri. Kundi la pastipepa la darasa letu mimi walinitoa. Walichanga hela wakatoe fotokopi za karatasi za kaka na dada waliotutangulia, mimi boom, hela ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa halijaingia, nikaomba nisubiriwe. Kesho yake nafungua WhatsApp, nimeshaondolewa. Hakuna aliyesema neno. Mmoja wa waliokuwa wanasimamia ule mchango tulikuwa tunalala chumba kimoja hosteli, sufuria moja, pasi moja. Leo tukikutana Dar tunakumbatiana vizuri tu, lakini nisidanganye, jina lake likitokea kwenye simu huwa naliangalia kwanza ndipo napokea.

Kwa hiyo likizo nikapanda basi nikarudi nyumbani Ngamiani. Mchana nakaa na mama dukani, laptop juu ya friza la barafu, betri imekufa, inaishi kwa waya. Umeme ukiondoka nahamia kwenye daftari. Ndivyo nilivyosoma OS, na hadi leo naamini nilisoma vizuri kuliko ningebaki kule na kundi.

Nilianza na Operating Systems: Three Easy Pieces, kitabu cha Remzi na Andrea Arpaci-Dusseau, walimu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison. Wamekiweka bure mtandaoni, sura moja moja kwa PDF, kwa hiyo hata bando la kuungaunga linatosha. Kina sehemu tatu: namna mashine moja inavyogawanywa hadi kila programu ijione iko peke yake, kazi nyingi kwenda kwa pamoja bila kugongana, na data kubaki salama umeme ukikatika. Hiyo ya mwisho mtu wa Tanga haihitaji utangulizi.

Kizuri zaidi ni mazoezi yake. Kuna vijiprogramu vya Python vinavyokutungia maswali ya upangaji wa zamu za prosesa, ya kurasa za kumbukumbu, na mengine. Unajibu kwa mkono kwanza, halafu unaendesha tena ukiongeza -c, kinakuonyesha majibu. Kwa mkono kwanza. Nitarudia hili hadi unichoke.

Mfano. Mhadhiri anakwambia fremu za kumbukumbu, yaani nafasi za kuwekea kurasa za data, zikiongezeka, peji folti zinapungua, yaani mara ambazo ukurasa unaotakiwa haumo kwenye kumbukumbu hadi ukaletwe kutoka diski. Unaitikia, unaandika, unasonga. Mimi siku moja umeme haupo nikachukua mfululizo huu: 1, 2, 3, 4, 1, 2, 5, 1, 2, 3, 4, 5. Kanuni ni FIFO, aliyeingia kwanza ndiye anatoka kwanza. Kwa fremu 3 nikapata folti 9. Kwa fremu 4 nikapata 10. Nikajua nimekosea. Nikafuta, nikarudia, mama ananiita nimpimie mteja sukari sisikii. Ikaja 10 tena. Kumbe ndivyo ilivyo: Belady na wenzake wa IBM waliliandika jambo hilo mwaka 1969, na linabeba jina lake. Ukitumia LRU, inayomtoa yule ambaye hajaguswa muda mrefu zaidi, kituko hicho hakitokei. Chora jedwali lako sasa hivi, usiniamini mimi.

Kile kitabu kinene chenye madinosaria jaladani, cha Silberschatz na wenzake, sikidharau. Silaidi nyingi za vyuo zimechotwa humo. Kifungue unapotafuta jambo moja, ukilipata kifunge. Anayesema amekisoma mwanzo hadi mwisho kwa semesta moja, mwangalie tu.

Halafu kuna xv6. Huu ni mfumo endeshi mdogo wa kufundishia wa MIT, ulioandikwa kwa kufuata mfumo endeshi wa zamani, Unix Toleo la 6 la mwaka 1975. Kerneli yake, yaani kiini cha mfumo kinachosimamia vyote, haifiki mistari elfu kumi, unaweza kuisoma kweli ukaimaliza. Unauendesha ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, hivyo hata ukiuvuruga hadi ukalala, laptop yako iko salama. Fungua faili la proc.c, tafuta scheduler. Ni kitanzi kisichoisha: kinapita kwenye jedwali la michakato, yaani programu zinazoendeshwa, kikikuta ulio tayari kinaupa prosesa, ukirudisha kinaendelea na unaofuata. Nilipoiona mara ya kwanza nilikasirika. Jambo ambalo darasani lilichukua silaidi na silaidi, na vishale vya rangi, lilikuwa pale kwa mistari michache ya C.

Na fork, amri inayoufanya mchakato uzae nakala yake. Jamani, fork! Kila mtu anajua kuimba kwamba fork tatu mfululizo zinazaa michakato 8. Haya, andika hivi:

printf("Tanga");
fork();

Endesha. Unapata TangaTanga, ingawa printf ipo kabla ya fork na imeitwa mara moja. Sababu ni kwamba neno lilikuwa bado halijatoka, limekaa kwenye bafa, yaani kibanda cha kusubiria kwenye kumbukumbu, na fork inanakili mchakato mzima pamoja na bafa yake, kila mmoja akimaliza anamwaga lake. Weka \n, alama ya mstari mpya, mwishoni mwa Tanga, kwenye skrini neno linatoka mara moja tu, si mbili. Sasa elekeza matokeo yaende kwenye faili badala ya skrini: mara mbili tena, kwa sababu kuelekea kwenye faili ule mstari mpya hausukumi bafa. Swali la jamii hii lilikuja kwenye UE yetu. Lile kundi langu waliingia na majibu ya miaka iliyopita kichwani, na mtunzi alikuwa amebadilika. Waliotoka mle na sapu, yaani mtihani wa kurudia, siwataji, ila nilipoona matokeo yamebandikwa nilisoma majina yote, taratibu, kuanzia juu hadi chini.

Ndiyo, ilinifurahisha. Mungu anisamehe.

Sasa nyinyi mnaotaka kuwa wahandisi wa programu, na najua mnaosoma hapa ndicho mnachotaka, acheni kulea folda. Linus Torvalds alipotangaza kazi yake ya Linux Agosti 1991 alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 Helsinki, anatumia Minix, mfumo ambao Andrew Tanenbaum aliutoa mwaka 1987 kwa ajili ya kufundishia. Hakuishia kuutazama. Aliushika. Na wewe shika. Andika strace ls uone amri moja fupi inavyoiomba kerneli mambo chungu nzima. Fungua top, orodha ya michakato inayoendeshwa, ua mchakato mmoja, uone nini kinakufa nao. Kitabu kimoja, kerneli moja, mkono wako. Pastipepa zifuate wiki ya mwisho, ujipime nazo kwa saa, na ukiwa nazo mpe mwenzako hata kama hajachanga.

Wengi mtaniambia laptop hamna. Hata huyo kijana ndilo jibu lake la pili. Simu ya Android ipo? Weka Termux, programu ya kuandikia amri kama za Linux kwenye simu, ichukue F-Droid, duka jingine la programu za Android, iliyo Play Store ina mapungufu yake. Ndani yake andika pkg install clang python. Fork inaendeshwa humo humo, na vile vijiprogramu vya Python pia. Kwa xv6 tafuta mwenye laptop mkae wawili, na yule asiye na mashine ndiye ashike kibodi.