Singapore haina malighafi wala ardhi, kwa nini viwanda vya dawa vimejazana pale?

Swali: Shikamoo mfamasia. Nasoma famasi mwaka wa tatu hapa Dodoma. Tumefundishwa kwamba Singapore ni kituo kikubwa cha kutengeneza dawa huko Asia, sasa sielewi, kanchi kadogo vile, mishahara iko juu, malighafi hawana, si bora haya makampuni yangeenda India tu ambako kila kitu ni rahisi? Na je dawa ya Singapore ni bora kuliko ya India?

Jibu: Marahaba mwanangu. Swali lako nimelipenda kwa kweli, manake mi nafanya kazi upande wa ubora kiwandani na haya mambo ndo tunayoshinda nayo.

Kwanza tukubaliane tunaongelea dawa gani. Kama ni paracetamol au vidonge vya presha vya bei ya chini, India wanashinda, hakuna ubishi, pale ushindani ni wa bei ya kidonge. Ila Singapore wanatengeneza zaidi dawa ambazo bado zina patenti (haki ya mgunduzi pekee kuzitengeneza), viambata hai vyake, yaani ile kemikali yenyewe inayotibu, halafu na dawa za kibayolojia, zinazozalishwa na seli hai, zile sindano za saratani, baridi yabisi na kadhalika. Huko mshahara wa fundi ni sehemu ndogo mno ya bei ya dawa, na mzigo unaojaa kwenye kona tu ya ndege unaweza kuwa wa mamilioni ya dola. Kinachoumiza kwenye biashara hii ni bechi, yaani mkupuo mmoja wa uzalishaji, kuharibika.

Ngoja nikueleze bechi yenyewe inavyokuwa. Unachukua seli hai, nyingi asili yake ni ovari ya hamsta, unaziweka kwenye tangi la chuma cha pua la lita maelfu, unazilisha glukosi na amino asidi, unazipulizia oksijeni, joto liko karibu nyuzi 37, pH, yaani kipimo cha uasidi, haitakiwi kucheza, na hali hiyo unaishikilia kama wiki mbili hivi usiku na mchana. Bakteria akipenya humo anazaliana haraka kuliko seli zako, siku moja tu tangi zima limekwisha, unamwaga, unasafisha, unaanza uchunguzi wa chanzo na huku kuna mgonjwa anasubiri. Umeme nao ukiyumba kidogo, pampu na vipimo vikajizima kabla jenereta haijashika, umeshapata kesi ya kuelezea kwa wakaguzi. Sasa Singapore umeme kukatika kwa mteja ni wastani wa chini ya dakika moja kwa mwaka mzima. Matetemeko makubwa hawana, vimbunga hawana. Maji walikuwa wananunua sana Malaysia, wakaamua kusafisha maji taka yao mpaka yakawa safi kupita ya bomba la kawaida, wanayaita NEWater, tangu 2003 yanakwenda viwandani, na kiwanda cha dawa kinayachukua maji safi kama hayo na kuyaendeleza mpaka kiwango cha sindano.

Ardhi ndo hawana kweli, kwa hiyo wakafukia bahari. Upande wa magharibi kuna eneo la Tuas Biomedical Park, shirika la serikali linaitwa JTC liliandaa viwanja na barabara, umeme, maji, njia za maji taka vikiwa tayari, mwekezaji anakuja kusimamisha jengo lake. Ukipita pale unakuta makampuni ya dawa kama Pfizer, Novartis, MSD (kampuni ya Marekani, si Bohari ya Dawa yetu), Amgen, Lonza, wamepangana.

Na hawakuanza jana. Bodi yao ya uchumi, EDB, ipo tangu 1961, kampuni ya dawa ya Glaxo walikuwa wanazalisha pale tangu miaka ya 1980, halafu mwaka 2000 serikali ikaja na mpango maalum wa sayansi za tiba, 2003 ikafungua Biopolis kwa ajili ya watafiti. Kitu nachokiheshimu sana ni kwamba waliwapeleka vijana wao kujifunza kazi ndani ya viwanda vya nje, serikali ikichangia gharama, wakarudi wameshashika mitambo kwa mikono yao. Sisi tukiajiri mtu mpya anachukua muda mrefu mpaka umwamini aingie chumba safi (kile chenye hewa iliyochujwa vumbi na vijidudu) peke yake, sasa piga hesabu nchi inayokuletea watu walioiva.

Kodi pia ina mchango, tusidanganyane. Kodi ya makampuni ni 17% lakini wawekezaji wakubwa walikuwa wanapewa unafuu mpaka 5% au 10%, wengine chini ya hapo kabisa kwa miaka kadhaa. Kuanzia 2025 makundi makubwa ya kimataifa yanatakiwa kufika angalau 15%, kwa hiyo utamu umepungua, na bado AstraZeneca walitangaza 2024 kwamba wanajenga kiwanda cha dola bilioni 1.5 pale.

Halafu mdhibiti. HSA, mamlaka yao ya dawa, mwaka 2022 ilikuwa ya kwanza duniani kutambuliwa na WHO kwa ngazi ya 4, ya juu kabisa, kwenye udhibiti wa dawa (TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, ilifika ngazi ya 3 mwaka 2018, ya kwanza Afrika, na tujivunie hilo). FDA, mdhibiti wa dawa wa Marekani, bado wanaenda kukagua wenyewe, ila kiwanda kilichozoea mdhibiti mkali nyumbani hakitetemeki wageni wakija.

Ubaya upo. Hewa ya pale ina unyevu mwingi, kuikausha kwenye vyumba safi kunakula umeme, na umeme wao karibu wote ni wa gesi ya kuagiza. Wataalamu wanagombaniwa, wagonjwa wa ndani wachache, wanategemea kuuza nje, kwa hiyo Marekani ikitaja ushuru wa dawa wao wanakosa usingizi.

Sasa swali lako la pili, hapana, usipime ubora kwa jina la nchi. India kuna viwanda vinavyopita ukaguzi wa FDA vizuri tu na kuna vya ovyo. Angalia usajili wa TMDA na jina la kiwanda chenyewe. Pia ujue kwamba mzigo mwingi wa Singapore ni kiambata hai, unasafirishwa ukakandamizwe kuwa vidonge na kufungashwa kwingine, kwa hiyo boksi linaweza kuandikwa Ufaransa au Uingereza na neno Singapore usilione popote.