Anti Anajibu: Watoto wanahamia Noordoostpolder, nawaandaaje?

Shikamoo Anti. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka tisa na sita, tunakaa Tabata Kimanga. Mume wangu alikuwa kwenye mashamba ya maua Arusha, sasa kapata kazi Uholanzi kwenye vitalu nyumba, tena siyo mjini, ni shamba kabisa, panaitwa Noordoostpolder, na mwezi wa nane tunamfuata. Wanachojua hawa watoto kuhusu Uholanzi ni Amsterdam, Ajax na baiskeli, basi. Shida ni kwamba mkubwa kaona video inasema huko watu wanaishi chini ya usawa wa bahari, toka siku hiyo kila usiku ananiuliza maji yakija tutakimbilia wapi. Mdogo yeye anataka kujua tu kama chipsi mayai zipo. Nawaelezaje hiyo sehemu kabla hatujapanda ndege?
Mama Wawili, Tabata

Marahaba mwanangu, na hongera kwa safari.

Huyo mkubwa usimwambie "hamna kitu kama hicho, lala", kwa sababu kipo na akifika atakijua wiki ya kwanza tu, na hapo hata ukimwambia kitu cha kweli hatakuamini. Mimi ningeanza na hayo hayo maji yanayomtisha, maua na baiskeli vitajileta vyenyewe.

Mwambie hivi, pale mtakapokaa zamani palikuwa bahari. Iliitwa Zuiderzee, ilikuwa inaingia mpaka katikati ya nchi na ikichafuka inaua watu. Mwaka 1916 yakaja mafuriko makubwa, mwaka 1918 wakapitisha sheria ya kuifunga ile bahari kwa mpango wa injinia mmoja anaitwa Cornelis Lely, na mwaka 1932 wakamaliza tuta la kilomita 32, yaani kama utoke Posta uende mpaka Bunju huko, kushoto maji kulia maji. Bahari ikawa ziwa, chumvi ikaisha taratibu. Halafu ndani ya hilo ziwa wakazungusha tuta lingine, wakafunga mapampu, wakavuta maji mchana na usiku na Septemba 1942 ardhi ikatangazwa kavu, hekta kama 48,000. Hapo ndipo baba yao anapofanya kazi sa hivi.

Sasa kwenye hofu yenyewe. Mtoto wa Dar anajua Jangwani ikijaa inakuwaje, barabara inafungwa, mwendokasi haupiti, watu wanatembea kwa miguu. Kwa hiyo anachouliza ni swali la mtu mwenye akili. Mjibu kwamba yale mapampu hayakuondolewa kazi ikishaisha, kwa sababu kazi haiishi, vipo vituo vitatu, kimoja Lemmer, kimoja Urk, kimoja Vollenhove, na mpaka leo mvua ikinyesha au maji yakichuruzika kutoka chini vinayatoa. Tena kuna mamlaka maalum ya maji yenye uchaguzi wake kabisa na wananchi wanailipia kodi. Mkifika mpelekeni akapande juu ya tuta asimame aone mwenyewe, ziwa upande huu liko juu, mashamba upande ule yako chini. Najua kuna wazazi wataniambia hilo litamzidishia woga, mimi nasema mtoto anatishwa zaidi na kitu anachokisikia tu bila kukiona.

Kuna pahali panaitwa Schokland, hapo usikose. Kilikuwa kisiwa, chembamba, maji yakawa yanakila kila mwaka, na watu walikuwa maskini hasa, mwaka 1859 mfalme Willem wa Tatu akaamuru wakazi wote wahame, watu zaidi ya 600. Leo hicho kisiwa kiko katikati ya mashamba ya viazi! Unafika kwa baiskeli, kanisa la zamani lipo, bandari ya zamani nayo ipo ila imezungukwa na majani, hakuna maji. UNESCO wamekiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1995, cha kwanza kwa Uholanzi. Mtoto wa miaka tisa akisimama kwenye bandari isiyo na bahari maswali yatamtoka mpaka mchoke.

Na kama anapenda stori za kujificha, mwambie wakati wa vita ya pili ya dunia Wajerumani walipokuwa wameikalia nchi, vijana waliokuwa wanakwepa kupelekwa kufanya kazi Ujerumani kwa nguvu walikuwa wanakuja kujificha humo humo kwenye ardhi mpya, kwenye mabanda ya wafanyakazi na matete. Sehemu haijamaliza hata miaka mitatu toka ikauke tayari ina siri.

Vijiji sitavieleza sana. Mji mkubwa ni Emmeloord, uko katikati, vijiji kumi vimeuzunguka kwa duara kama watoto wanaocheza ukuti, na vilipangwa hivyo kwenye karatasi kabla hata hakijawekwa kitofali, wakihesabu umbali wa mtu kwenda na baiskeli. Ndiyo maana barabara zimenyooka hivyo. Mpe mtoto karatasi achore duara na nukta kumi, Bant, Creil, Ens, Espel, Kraggenburg, Luttelgeest, Marknesse, Nagele, Rutten, Tollebeek, kisha nukta ya baba aipake rangi. Majina atayatamka anavyojua yeye, wataenda kucheka wote huko.

Kwa wote wawili, ila huyu mdogo zaidi, kuna msitu karibu na Marknesse unaitwa Waterloopbos. Zamani ilikuwa maabara ya maji, wataalamu walikuwa wanajenga bandari za dunia kwa udogo hapo msituni waone mawimbi yatafanyaje kabla hazijajengwa kweli, mpaka bandari ya Lagos ilipimwa hapo. Sasa hivi ni mahali pa kutembea, mabaki ya zile bandari ndogo yapo kwenye mifereji na mtoto anaweza kuona maji yanavyopita. Jumapili yenu ya kwanza nendeni huko.

Maua usiwaahidi. Tulipu zinachanua mwezi wa nne na mwanzo wa wa tano, nyie mnafika mwezi wa nane mtakuta vitunguu na viazi. Zikichanua mwaka ujao waandae na kitu kimoja maana kinaliza watoto: mashine inapita shambani inakata vichwa vya maua yote na kuviacha chini. Mkulima anauza kile kitunguu cha tulipu kilicho chini ya udongo, ua likibaki linakula nguvu. Baba yao wa mambo ya maua atawaelezea vizuri. Na shambani mwa mtu hawaingii kupiga picha, viatu vinabeba magonjwa ya mimea.

Kubwa kuliko yote, kuogelea. Kila shamba huko lina mtaro wa maji na mingi haina uzio, ndiyo maana watoto wa Kiholanzi wanafundishwa kuogelea wakiwa wadogo kabisa na wanapewa cheti, tena wanaogelea wamevaa nguo na viatu ili mtu akitumbukia ajue kujiokoa. Sisi tunakaa na bahari hapa halafu nusu yetu tunaishia magotini Coco Beach. Hii miezi mliyobakiza waanzisheni, hata kama mkoba wa nguo utanunuliwa baadaye.

Kuhusu shikamoo, wasishangae, huko mtoto anamwita mwalimu kwa jina na mkubwa anapungiwa mkono, siyo utovu wa adabu. Nyumbani shikamoo iendelee. Chakula cha mchana ni mkate, wengine wanaumwagia chembechembe za chokoleti juu, hiyo mdogo ataizoea ndani ya dakika moja. Chipsi zipo tele na mayonezi, mayai mtakaanga wenyewe.

Habari Anti. Nafundisha darasa la tano Temeke, mwanafunzi wangu kahamia Uholanzi na wenzake wananiuliza kila siku bahari inakaushwaje. Shuleni hatuna projekta.
Mwalimu, Temeke

Mwalimu, beseni tu. Chukua udongo wa mfinyanzi uzungushe ukuta katikati ya beseni, jaza maji ndani na nje ya ukuta, halafu mpe mtoto bomba la sindano lisilo na sindano awe pampu, avute maji ya ndani amwage nje. Yakiisha wapande njegere mbili tatu humo ndani. Kisha waambie wakae tu waangalie. Baada ya muda maji yanaanza kupenya, na kama "pampu" kaenda kucheza shamba linarudi kuwa bwawa, kwa hiyo itabidi wapange zamu, na wakianza kugombana nani kakacha zamu yake waache wagombane kwanza. Ukikosa bomba tumia sifongo, ila siyo ile ya kuoshea vyombo, povu likitoka hakuna atakayeangalia tuta tena.