Maswali ya Wasomaji: Je, Gari Lililojengwa Upya Lina Thamani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Houston, Texas, na kazi yangu ni ya zamu ya usiku, mbali na nyumbani, kwa hiyo siwezi kukaa bila usafiri. Nimepata gari dogo la miaka minne linalouzwa dola 10,400, ilhali mengine ya aina na mwaka huohuo, yenye maili zinazokaribiana, yanauzwa dola 16,000. Muuzaji hakunificha kwamba hati yake ya umiliki imeandikwa “Rebuilt Salvage”, yaani gari liliwahi kuhesabiwa kuwa halifai kutengenezwa, kisha likajengwa upya. Jamaa zangu wamegawanyika: wapo wanaosema nimebahatika, na wapo wanaosema nisiliguse. Je, hizo dola 5,600 ni faida ya kweli?
Msomaji, Houston

JIBU: Faida ipo, ndugu msomaji, lakini ukubwa wake utaamuliwa na siku utakayoliuza gari hilo kuliko siku utakayolinunua. Alama ya hati haifutiki, na mnunuzi atakayekuja baada yako atadai punguzo kama ulilolipata wewe, ambalo katika soko la Marekani kwa kawaida huwa kati ya asilimia 20 na 40. Lako ni asilimia 35. Tuseme baada ya mwaka mmoja gari lenye hati safi litakuwa limeshuka kutoka dola 16,000 hadi 14,000. Lako, kwa kiwango kilekile, litauzwa dola 9,100. Mwenye hati safi atakuwa amepoteza dola 2,000 na wewe 1,300, kwa hiyo umeokoa dola 700 tu, na huenda ukazimaliza kwa kupunguza bei zaidi ili kumvutia mnunuzi anayesitasita. Tuseme badala yake unakaa nalo miaka sita, hati safi ikiwa imeshuka hadi dola 7,000 na lako hadi 4,550. Sasa umeokoa dola 3,150. Ukiliendesha mpaka likachoka kabisa, karibu dola zote 5,600 zinabaki mfukoni mwako. Punguzo hili ni kama mkopo unaorejeshwa siku ya kuuza, na deni linapungua kadiri gari linavyozeeka mikononi mwako. Kwa mtu mwenye mazoea ya kubadilisha magari kila mwaka au miwili, sioni sababu ya kujiingiza humo.

Katika hesabu hiyo kuna mambo mawili ya kuongeza. Benki nyingi hazikopeshi kwa gari la namna hii, kwa hiyo jiandae kulipa taslimu. Bima ndogo, ambayo Texas inataka ifikie angalau dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 60,000 kwa ajali nzima na 25,000 kwa mali ya watu, utaipata bila taabu. Bima kubwa, inayolipia gari lako mwenyewe, ndiyo yenye utata: baadhi ya makampuni hukataa kabisa, na yanayokubali, gari likiharibika tena, hulipa thamani ya gari lenye hati yenye alama, si ya gari safi. Wapigie simu ukiwa na namba ya utambulisho ya gari, ile yenye herufi na tarakimu 17, kabla hujatoa hata senti ya arubuni.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe. Hati ya salveji hutolewa pale inapoonekana kwamba gharama ya kulitengeneza gari haiendani na thamani yake, na kiwango cha uamuzi huo hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Florida hutumia asilimia 80 ya thamani ya gari kabla ya ajali, New York asilimia 75, na Texas hungoja mpaka gharama ya matengenezo ipite thamani nzima. Ndiyo maana gari lililogongwa kwa kiasi kilekile linaweza kupewa alama Albany, New York, na kubaki na hati safi Dallas, Texas. (Wanaodhani hati safi ni ushahidi kwamba gari halijawahi kugongwa wangefaa kulitafakari hilo.) Ndiyo maana pia umri wa gari una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Gari la miaka 14 linaweza kuhesabiwa kuwa limekwisha kwa sababu ya bampa, taa mbili na mifuko ya hewa iliyofumuka, au kwa sababu mvua ya mawe imelibonyeza paa na boneti, huku injini na fremu vikiwa vizima. Gari la miaka minne lenye thamani kama ya hilo unalolitaka, ikiwa lilipewa alama Texas, liliumia sana. Hapo ningesimama kwanza.

Kwa hiyo ushahidi wa kwanza ninaoutaka ni picha za gari kabla halijatengenezwa. Magari mengi ya aina hii hupitia minada kama Copart na IAA, ambako hupigwa picha pande zote, na mara nyingi picha hizo hupatikana mtandaoni kwa namba ya utambulisho. Muuzaji aliyelitengeneza mwenyewe atakuwa nazo, pamoja na stakabadhi za vipuri. Tena Texas humtaka mjenzi ajaze fomu ya VTR-61 inayoeleza kilichotengenezwa, basi omba nakala yake. Asiyekuwa na chochote cha kuonyesha, mshukuru uende zako. Nunua pia ripoti ya NMVTIS, mfumo wa taifa wa kumbukumbu za hati za magari uliotokana na sheria ya mwaka 1992, ambao tangu 2009 makampuni ya bima na yadi za magari mabovu yanalazimika kuupelekea taarifa. Kazi yake hasa ni kuwanasa wanaohamisha gari kutoka jimbo hadi jimbo ili alama ipotee kwenye karatasi.

Kisha mlipe fundi wa bodi asiye na uhusiano na muuzaji. Usiridhike na jibu kwamba gari “lilipita ukaguzi”, kwa maana ukaguzi wa serikali mara nyingi hautafuti unachokitafuta wewe: ule wa New York, kwa mfano, huangalia kama vipuri vilivyotumika ni vya wizi, na Texas, tangu Januari 1, 2025, imeacha kudai ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari ya binafsi. Fundi apime fremu, kwa kuwa chuma kigumu cha magari ya kisasa kikinyooshwa kwa moto hupoteza nguvu zake, na rangi nzuri haionyeshi hilo. Tairi zinazokula upande mmoja na gari linalovuta pembeni ni dalili za baadaye, kipimo huziwahi. Kama kamera na rada za kulisaidia gari kufunga breki zilibadilishwa, aulize zilirekebishwa wapi na kwa kifaa gani.

Mifuko ya hewa inahitaji uangalifu kuliko vyote. Mwaka 2024 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitahadharisha kuhusu vijazio bandia vya mifuko ya hewa vilivyowekwa katika magari yaliyokuwa yamegongwa awali, ambavyo vililipuka na kurusha vipande vya chuma vikaua watu. Taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi inapaswa kuwaka unapowasha gari, kisha izime. Lakini wapo wanaoidanganya kwa kipande kidogo cha umeme, kwa hiyo fundi na athibitishe kilichomo kwa macho na kwa kompyuta. Na kama ripoti inataja mafuriko, achana nalo hata likishushwa bei kwa nusu, kwani kutu ya kwenye waya hujitokeza baada ya miezi mingi.

Picha zikionyesha pigo la mbele ambalo halikufika kwenye nguzo za bodi, vipimo vikiwa sawa, na ukikusudia kukaa nalo miaka mitano au zaidi, ningelinunua.

SWALI: Ninalo tayari gari la hati ya kujengwa upya. Kiwanda kikiita magari kwa hitilafu ya usalama, nami nahusika?
Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Unahusika. Hitilafu hizo hufuata namba ya gari, unaweza kuitafuta bure kwenye tovuti ya NHTSA, na matengenezo yake hayalipiwi. Dhamana ya kawaida ya kiwanda ni jambo jingine. Hiyo mara nyingi hukoma gari linapopewa hati ya salveji.

SWALI: Gari langu limegongwa na bima wanasema halifai kutengenezwa, lakini fundi wangu anasema analiweza. Naweza kubaki nalo?
Msomaji, Denver, Colorado

JIBU: Kwa kawaida unaweza, ila kampuni itakata katika malipo yako bei ambayo ingelipata mnadani. Tuseme gari lilikuwa na thamani ya dola 8,000, unajigharimia 500 za kwanza, na mnadani lingeuzwa 1,800. Ukiliachia unapewa 7,500. Ukibaki nalo, 5,700. Likishajengwa upya, kwa punguzo la asilimia 35, litakuwa na thamani ya dola 5,200. Kwa hiyo matengenezo yakizidi dola 3,400, ungekuwa na zaidi kama ungechukua fedha zote na kuwaachia gari, isipokuwa unakusudia kuliendesha mpaka mwisho wake. Pata makadirio ya fundi kwa maandishi kabla hujasaini, na usiliingize barabarani mpaka likaguliwe na kupata hati mpya.