Kwanza muulizeni analala saa ngapi

Mhariri, swali lenu la wiki hii, eti "Tiba ya saikolojia inayogusa mwili, akili na roho kwa pamoja, mwanamke wa kisasa anaihitaji au ni anasa?", limenichokonoa mpaka nikaacha vyombo kwenye sinki. Anasa! Ndo jibu langu. Mambo ya mishumaa yenye harufu huku mtu anakwambia "vuta pumzi, achilia" ni ya kina dada wa Masaki, sie wa Kimara tukivuta pumzi ndani ya mwendokasi tunavuta kwapa la mtu.

Na huyo wa kisasa ndo yupi? Anayeingia ofisini na wigi na lipstiki, akirudi anakuta sare za kufua, mama mkwe katoka Handeni kuja kutibiwa presha, na hela ya kikoba inatakiwa kesho?

Mwaka juzi kazini walituletea mshauri wa saikolojia, mama mtu mzima, mpole. Viti vikasogezwa, tukavua viatu, tukakaa mkekani. Akasema fumbeni macho, sikilizeni pumzi zenu. Dakika haijaisha dada mmoja wa mapokezi akaanza kukoroma, tena kukoroma hasa, watu tukaumana midomo tusicheke, afisa utumishi akanyoosha mkono amtikise. Yule mama akamzuia, akavua kitenge chake begani akamfunika, akaendelea kwa sauti ya chini. Tukamaliza, tukanywa chai na sambusa, dada bado kalala, shavu limejaa alama za ukindu. Kaamka anaomba radhi, na yule mama hakumuuliza habari za utoto wake wala nini, alisema tu, "Mwanangu, nyumbani unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, na katikati nani anakuamsha?" Dada akalia pale pale. Kumbe analala saa sita, saa kumi yuko jikoni, katikati kuna mtoto wa pumu, na mume yupo yupo tu. Akaandikiwa kwenye karatasi: akapime damu, maana upungufu wa damu nao unachosha mtu mpaka anahisi karogwa, aje na mume, na mdogo wake anayekaa nao awe anashika zamu ya usiku na mtoto. Kuhusu sala akaambiwa kama inampa nguvu asiiache. Basi.

Ndo nikakumbuka wale bibi wa Harare, kule Zimbabwe, wa Benchi la Urafiki. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza nao 2006, bibi 14 wa mtaa wa Mbare, wakafundishwa, wakawekewa mabenchi nje ya zahanati, unakaa na bibi mnachagua tatizo moja mnalihangaikia hilo kwanza, baadae unaingia kikundi mnasuka mikoba huku mnaongea. Utafiti wao ulitoka 2016, dalili za sonona zilipungua kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida, na hata Zanzibar wameshafika. Hakuna mshumaa hapo. Sie pwani mtasema tuna somo, yule mama wa kumfunda mwali, sawa, ila wangu alinifundisha kumpendeza mume tu, nikichoka mimi nifanyeje hakulifikia.

Kwahiyo anasa ya mishumaa nabaki naiita anasa. Ila ya yule mama hata mi ningeitaka, tena sana, na labda hiyo mishumaa nayo haina dhambi kama inampa mtu saa moja ya kutoitwa "mamaa" kila dakika, sijui. Lakini anayesikia sauti, au kajifungua na anawaza kumdhuru mtoto, msimpeleke mkekani, hospitali siku hiyohiyo. Na mtu akikwambia acha dawa za daktari atakupa mafuta na majani, mkimbie.

Halafu hawa washauri waandike bei ukutani kama saluni. Juzi nimepiga simu sehemu moja kuulizia, naambiwa "njoo tu dada tuongee". Sasa si kuongea ndo kwenyewe kunakolipiwa?